Kijana wa maua, wataka kuingia shindano? Anzia kwenye shina

Mara ya kwanza kuingia shindano la kupanga maua nilikuwa na miaka 20, na shada langu nililipenda kweli, mawaridi mekundu, asmini kidogo, na majani ya ukindu nimeyasuka pembeni, nikajiambia leo zawadi ni yangu. Jaji akaja, mama wa makamo na miwani yake, wala hakuyatazama maua. Alilinyanyua shada kutoka kwenye chombo, akaligeuza miguu juu, akawa anatazama mashina. Akapitisha kidole pale nilipofunga kamba, akatoa jani moja lililolowa ambalo lilikuwa lishaanza kuteleza, akaliweka mezani mbele yangu polepole, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda zake. Sikupata hata nafasi ya tatu. Nililia kwenye matatu mpaka nyumbani, lakini siku ile ndo nilijua kwamba shada husomwa kutoka chini kwenda juu.

Tangu hapo nimepamba harusi nyingi sana hapa Mombasa na nimefundisha vijana kadhaa wanaotaka kushindana, na kila mwaka naulizwa maswali yaleyale, mashindano yako wapi, naanzaje, kama sina pesa ya maua nitafanyaje mazoezi. Nimeyaweka yote hapa. Ni marefu lakini tafadhali usiruke pale kwa maji na pale kwa spairo, ile namna ya kupanga mashina yote yazunguke upande mmoja, manake hapo ndo pointi nyingi hupotelea.

Hesabu umri wako kabla ya chochote

Mashindano ya vijana yana mlango, na ukifungwa umefungwa. Lile kubwa kabisa la ufundi duniani ni WorldSkills, lilianza 1950 kule Madrid na vijana 24 tu kutoka Uhispania na Ureno, leo hufanywa kila baada ya miaka miwili na ndani yake kuna fani ya kupanga maua na fani ya kutengeneza bustani. Ya 2024 yalikuwa Lyon, Ufaransa, fani 59 kwa jumla, na ya 2026 yamepangiwa Shanghai, China. Kikomo cha umri kwa fani nyingi ikiwemo ya maua ni miaka 22 ndani ya mwaka wa shindano, yaani wa kwenda Shanghai awe amezaliwa 2004 au baadaye. Na nchi hupeleka mtu mmoja tu kwa fani, isipokuwa zile za timu kama bustani ambapo huenda wawili. Kwa hivyo mdogo wangu ukiwa na miaka 18 ukasema wacha kwanza nikomae nitaingia baadaye, hesabu vizuri, ukitoa mwaka wa mchujo na mwaka wa mazoezi umebakiwa na nafasi moja, labda mbili.

Huku hujipeleki mwenyewe, unapitia nchi yako, na njia ya kawaida ni vyuo vya ufundi na mashindano ya ndani. Kenya na Uganda ni wanachama, na bara letu lina WorldSkills Africa yake, yalikuwa Kigali 2018 na Swakopmund kule Namibia 2022. Kitu cha kufanya wiki hii ni kwenda kwa mkuu wa idara chuoni umuulize wazi, mwalimu, fani ya maua iko kwenye mchujo mwaka huu? Si kila fani huwekwa kila mara, na kama haiko ombeni mkiwa kundi, barua yenye sahihi za wanafunzi kumi na tano haiwekwi chini ya droo kirahisi kama neno la kijana mmoja mlangoni.

Shoo za nyumbani pia usizidharau. Ile jumuiya ya ASK, Agricultural Society of Kenya, hapa Kenya ilianza 1901 na jina lake la kwanza lilibeba kilimo na bustani pamoja, shoo yao ya kwanza ilikuwa 1902 pale Jeevanjee, Nairobi, yaani maua yamekuwa kwenye hii hadithi tangu siku ya kwanza. Sisi wa Mombasa shoo yetu iko Mkomani. Wenzetu Tanzania wana Nane Nane kila Agosti, na watu wa kaskazini hukutana viwanja vya Themi pale Arusha, si mbali na mashamba ya maua na chuo cha Tengeru. Hizi mara nyingi unaingia kupitia shule, chuo ama kikundi, na kosa la vijana wengi ni kufika siku ya shoo na ndoo ya maua wakati fomu zilifungwa zamani. Nenda ofisini miezi kadhaa kabla, omba orodha ya mashindano na masharti yake, uliza kama kuna daraja la vijana. Kama halipo ingia la watu wazima, hakuna anayekukataza kupimwa na wakubwa.

Na nyinyi mlioko Uingereza mnaofanya kazi kwenye bustani na nasari za miche, kuna Young Horticulturist of the Year ya Chartered Institute of Horticulture, hiyo ni ya walio chini ya miaka 30 na ni ya maswali, unaulizwa mimea, magonjwa, udongo, mnachujana mikoani mpaka fainali, na mshindi anapata fungu la safari ya masomo lililopewa jina la Percy Thrower. Watu wa maua wana shindano la florist kijana kwenye Chelsea Flower Show, yale maonyesho yaliyo pale Royal Hospital Chelsea tangu 1913. Bara la Ulaya wana Eurofleurs kwa mafundi vijana. Nitakayoyaeleza hapa chini ni yaleyale popote uendapo.

Soma karatasi ya masharti mara tatu, na ya tatu uwe na kalamu

Sisemi hivi kwa kukaza tu. Pointi zenyewe hutolewa kwa njia mbili na lazima ujue ipi ni ipi. Kuna vitu vinapimwa, yaani ndio au hapana, upana haukuzidi sentimita kadhaa, mashina yote yamefika kwenye maji, meza imeachwa safi, umemaliza kwa wakati. Hapo hakuna maoni ya mtu. Alafu kuna vitu vinavyoamuliwa kwa jicho, rangi, umbo, wazo, na WorldSkills kwa hayo majaji hutoa alama kutoka 0 hadi 3, ambapo 0 ni chini ya kiwango cha kazi inayouzwa, 1 ni kiwango hasa, 2 umepita kiwango kwa baadhi ya mambo, na 3 ni bora kabisa. Majaji watatu huonyesha alama zao kwa pamoja, na wakitofautiana zaidi ya moja inabidi wazungumze waamue upya.

Sasa ona maana yake. Zile za kupimwa ni pesa iliyo chini, unainama tu unaokota. Kijana mwenye kipaji cha kawaida anayeokota zote za kupimwa humpita yule mwenye kipaji kikubwa aliyesahau kufagia meza. Kwa hivyo chukua kalamu, kila sentensi kwenye masharti yenye namba ndani yake ipigie mstari, iandike kwenye karatasi nyingine peke yake, na hiyo karatasi ndo iwe mbele yako kwenye mazoezi yote. Wakisema shada lisizidi sentimita 40, weka alama ya 40 kwenye meza yako ya mazoezi kwa tepu, usikadirie kwa macho.

Kitu kingine, kwenye maonyesho ya RHS, ile jumuiya kubwa ya bustani ya Uingereza, kama Chelsea, medali si za mmoja mmoja, kuna dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha na shaba, na kazi yako hupimwa kwa kiwango wala si kwa kazi ya jirani, wanaweza kutoka watu wengi na dhahabu ama asitoke hata mmoja. WorldSkills nako mbali na medali tatu kuna nishani ya ubora kwa kila anayefika alama 700. Kwa hivyo hata ukijua kuna Mfaransa ama Mchina mkali sana kwenye fani yako usivunjike moyo, kiwango kiko palepale unaweza kukifikia.

Maji

Hapa Mombasa mawaridi yetu mengi hushuka kutoka juu, Naivasha na huko, yanasafiri usiku ndani ya katoni, makavu, yanafika yamechoka. Na hapa joto ni 30 na zaidi. Kwa hivyo sisi wa pwani lazima tujue maji kuliko mtu yeyote.

Ndani ya shina kuna mirija myembamba sana ya kupandisha maji. Ukikata shina hewani, hewa huingia kwenye ile mirija na kufanya kijipovu, na kijipovu kile huziba njia. Juu ua halijui kitu, linaendelea kupumua na kupoteza maji, na baada ya saa kadhaa shingo inainama. Ndo yale mawaridi unayaona asubuhi yamesimama, saa nane mchana yameinamisha kichwa kama yana huzuni, na jaji anapita saa nane na nusu. Kitu cha pili kinachoziba ni vijidudu, vile vinavyofanya maji yateleze na kunuka.

Fanya hivi. Ndoo ioshe kwa sabuni na jiki, uisuuze vizuri, ndoo ambayo wewe mwenyewe ungekunywea maji, hiyo ndo ndoo ya maua. Majani yote yatakayokuwa chini ya maji yatoe, yote, hata kijani kidogo kile. Miiba itoe kwa kitambaa kizito ama kisu bila kuchuna ngozi ya shina, manake kila kidonda ni mlango wa vijidudu. Kata sentimita 2 au 3 kwa mshazari na kisu kikali, si makasi ya jikoni yanayobana mirija, na shina liingie majini hapohapo, usiliweke mezani ukapokee simu. Tia ile dawa ya pakiti ya maua, ndani yake kuna sukari ya chakula, asidi ya kusaidia maji yapande, na kitu cha kuua vijidudu, na fuata kipimo cha maji kilichoandikwa pakitini, dawa nyingi si dawa nzuri. Alafu yaache yanywe saa kadhaa kwenye giza na ubaridi kabla hujayagusa.

Waridi lililoinama shingo bado laweza kuokolewa. Likate tena, lifunge kwenye gazeti kichwa kikiwa kimesimama sawasawa, litumbukize kwenye maji marefu kwa saa moja mbili. Mengi huamka. Yasiyoamka usiyaweke kwenye shada la shindano hata kama rangi yake unaipenda vipi.

Na friji. Mawaridi hupenda ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4, lakini anthuriamu, helikonia na yale maua ya ndege ya strelizia ni watoto wa joto, ukiyaweka humo yanapigwa na baridi, yanapata madoa ya kahawia, yaweke mahali pa nyuzi 10 na kwenda juu. Niliwahi kumuona kijana amefika kutoka bara na helikonia nzuri ajabu amezilaza usiku kucha kwenye friji pamoja na mawaridi, asubuhi zimekuwa nyeusi kingo zote. Alikuwa amekaa tu anazitazama. Pia usiweke maua karibu na ndizi mbivu ama maembe, matunda yakiiva hutoa gesi ya ethilini, na maua kama kanesheni huzeeka haraka sana, hujikunja yakalala. Moshi wa gari nao una hiyo gesi, kwa hivyo kwenye tuktuk funika katoni.

Spairo

Shada la mkono ni mtihani ambao karibu kila shindano la maua huja nao kwa namna moja ama nyingine, na siri yake ni spairo. Usianze na maua. Nunua pakiti ya vijiti vya mishikaki.

Kijiti cha kwanza kishike wima kati ya gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, shika kwa upole, vidole viwe pete si koleo. Cha pili kilaze mbele yake kikiwa mshazari, kichwa kushoto, mguu kulia. Cha tatu hivohivo juu ya cha pili. Ukishaweka vitatu zungusha shada zima kidogo kwa mkono wa kulia, na ukishachagua upande wa kuzungushia ni huohuo mpaka mwisho. Endelea hivo, vitatu zungusha, vitatu zungusha. Usichomeke kijiti katikati ya vingine ati kwa sababu umeona pengo, ukiona pengo zungusha mpaka pengo lije mbele yako ndo uweke. Ukifika kumi na tano inua mkono utazame chini, miguu inatakiwa iwe imefunguka duara, yote imelala upande mmoja, kama mwavuli uliogeuzwa. Ikiwa kuna mmoja umekatiza njia ya wenzake, vunja uanze upya. Najua inauma. Vunja tu.

Ukiweza vijiti hamia kwenye majani ya bure, matawi ya ua wa nyumba, mrehani, chochote chenye shina, na mwisho ndo maua. Kamba ifungwe palepale vidole vilipokuwa, si juu si chini, na sehemu ile iwe nyembamba kadiri inavyowezekana, rafia ama kamba laini ya mkonge inatosha, iwe imekaza lakini haikati shina. Chini ya kamba pasiwe na jani hata moja, hapo ndo mimi nilianguka. Kisha kata miguu yote iwe sawa, weka shada mezani uliachilie. Likisimama lenyewe, mkono wako umeelewa. Mimi huwapa vijana wangu dakika 45 za shada la mkono kuanzia kusafisha shina hadi kufagia, na siwaruhusu kuingia shindano lolote mpaka wasimamishe mashada matano mfululizo bila moja kuanguka.

Ile foamu ya kijani

Wengi wetu tumelelewa na foamu, unailowesha unachomeka, kazi rahisi. Lakini ni plastiki, inavunjika vipande vidogo vidogo ambavyo haviozi, na RHS waliipiga marufuku kwenye maonyesho yao tangu 2021. Ukizoea foamu peke yake siku ukiingia shindano linalokataza utakuwa kama mtu amenyang'anywa mikono. Jifunze sasa waya wa kuku uliokunjwa ndani ya chombo, zile sahani za misumari za Kijapani zinazoitwa kenzan, vichupa vidogo vya maji vya kila shina, na vitu vyetu, wavu wa vijiti vilivyosukwa, makumbi ya nazi, kamba ya mkonge. Hivi vya kwetu tena vinapendeza vikionekana, si vya kuficha, na jaji akiona umeshikilia kazi nzima kwa makumbi na bado kila shina liko kwenye maji atakaa pale muda mrefu.

Wazo lako ulitoe wapi

Karibu kila karatasi ya alama ina sehemu ya wazo, na hapa vijana wetu hufungua simu na kuiga kitu cha Ulaya alichokwisha kukiona kila jaji. Mimi nilikulia kwa bibi aliyekuwa akitunga vikuba. Alasiri tunachuma asmini zikiwa bado matumba, meupe yamefunga, bibi anakaa kwenye mkeka na sindano na uzi, anapanga asmini, majani ya mrehani, kipande cha mkadi, kilua kikipatikana, anafunga vidogo vidogo. Ukivitazama saa kumi jioni huvioni kitu. Lakini saa mbili usiku mwanamke amekibandika kifuani anaenda harusini, ndo matumba yanafunguka, na chumba kizima kinajua ameingia.

Bibi hakuwa anapanga ua lilivyo saa ile anapolishika, alikuwa analipanga litakavyokuwa saa ya kuvaliwa. Na kwenye shindano uliza hivohivo, jaji anapita saa ngapi? Kama ni kesho mchana waridi lako leo liwe limefunguka nusu tu, na kama ni saa moja kutoka sasa chukua lililofunguka. Fanya majaribio nyumbani na saa, andika, waridi la rangi hii kutoka shamba hili kwa joto la hapa linafunguka baada ya saa ngapi. Daftari kama hilo hakuna mtu atakuuzia.

Kila mahali pana vyake. Wachaga wana sale, lile jani ambalo mtu humpelekea aliyemkosea akimwomba msamaha, mtu wa Moshi akipewa mada ya upatanisho ana utajiri mkononi. Lakini ukitumia kitu kama hicho andika sentensi mbili tatu za kueleza, rahisi, jaji wa mbali hajui, na hakikisha kazi yenyewe inaonekana hata kwa asiyesoma maelezo.

Rangi sitaongea sana. Anza na rangi mbili na kijani, ukishaweza hizo vizuri ongeza ya tatu.

Saa na sanduku la siri

Kwenye WorldSkills unafanya kazi siku nne, kazi tofauti tofauti, shada la bibi harusi, mpangilio wa mimea yenye mizizi, na kuna kazi ambayo hujui chochote mpaka siku yenyewe, unapewa sanduku na vitu ndani, haya tengeneza. Vijana wengi hugandia hapo. Dawa ni kuzoea kugandishwa. Mwambie dada yako ama rafiki akakusanyie vitu kwenye mfuko bila wewe kuona, maua matano ya aina moja, majani, waya, kikombe kilichovunjika, kamba, akupe na mada, dakika 60, aweke simu ihesabu. Dakika tano za kwanza usiguse kitu. Panga kila kitu mezani, hesabu mashina, chora kwa penseli hata kama huchori vizuri, ndo uanze. Fanya kila Jumamosi. Mara ya kwanza utatoa kitu kibaya, ya sita utashangaa.

Na fanya mazoezi ya kuangaliwa. Shindanoni watu wanasimama mbele ya meza yako, wanaongea, wanapiga picha, watoto wanauliza. Binti mmoja niliyemfundisha mikono ilikuwa ikimtetemeka akitazamwa, tukamtoa na meza yake kando ya barabara hapa Majengo wiki tatu, afanye mashada huku watu wanapita na wengine wanauliza bei. Mikono ilitulia, na mashada mengine akayauza.

Wa bustani nao

Nyinyi wa fani ya bustani mnafanya kazi wawili wawili, mnajenga bustani ndogo kamili kwa siku nne, mawe, mbao, maji, miche. Kwenu namba ni nyingi kuliko kwetu, ukuta uwe sawa, mteremko uwe kiasi kilichosemwa, kwa hivyo pimamaji ndo rafiki yenu, lizoeeni mpaka mnalishika bila kufikiri. Gawaneni kazi mapema nani anakata nani anapima, na mfanye mazoezi mkiwa mmechoka, jioni baada ya kazi, manake siku ya nne ndo makosa hutokea. Miche ipandwe kwa kina kilekile ilichokuwa nacho kwenye chungu na imwagiliwe, hata kama dakika zimebaki mbili.

Na wote, wa maua na wa bustani, mjifunze majina ya Kilatini. Waridi ni Rosa, asmini yetu ya kikuba ni Jasminum sambac, sale ni Dracaena. Kumi kwa wiki, yabandike ukutani jikoni. Jaji akikuuliza hii ni nini ukamjibu jina ambalo yeye wa Ujapani na wewe wa Kisauni mnalijua wote, mazungumzo yanabadilika hapohapo.

Pesa

Maua ni ghali, sikatai. Lakini mazoezi mengi hayahitaji maua ya gredi ya kwanza. Mashamba na wauzaji wa jumla huwa na yaliyokataliwa, shina fupi ama limepinda kidogo, ongea nao kwa adabu, wape ratiba yako, wengine watakupa kwa bei ndogo sana. Mapambo ya harusi yakitolewa usiku, omba yale maua kabla hayajatupwa. Ukindu, mrehani, kuti bichi na majani ya mgomba ni ya kuomba jirani. Kitu ambacho usikibanie pesa ni kisu na mkasi wa kupogolea, nunua vizuri mara moja na uvinoe. Na wazazi waelezeni kazi hii mapema, wengi wanadhani ni mchezo, waonyeshe masharti na tarehe, waite waone mazoezi. Mamangu alipoona nimesimamisha shada bila chombo ndo aliacha kuniuliza nitatafuta kazi lini.

Siku yenyewe

Beba maua zaidi ya unayohitaji kama masharti yanaruhusu, robo zaidi inatosha. Katoni isimame, isilale, na ndoo isijae maji kwa sababu barabara zetu unazijua. Vifaa viwe kwenye sanduku moja, kila kimoja na mahali pake, mpaka uweze kutoa kisu bila kutazama. Nguo isiyo na mikono mirefu inayoburuta kwenye maji. Kula. Vijana hawali wakiwa na wasiwasi, alafu saa tano mikono inatetemeka wanadhani ni hofu kumbe ni njaa.

Ukimaliza, kabla jaji hajafika, fanya alivyonifanyia yule mama, nyanyua shada mwenyewe uligeuze, pitisha kidole pale kwenye kamba. Tazama maji kwenye chombo yamefika wapi. Piga picha ya juu na ya chini.

Na matokeo yakitoka, umeshinda ama hukushinda, usiondoke. Ngoja watu wapungue umwendee jaji na daftari, umuulize kwa heshima, samahani mama, ni wapi nilipoteza pointi? Wengi hufurahi kuulizwa. Yule binti wa Majengo aliuliza, alikuwa wa nne, akaambiwa mashina mawili ya nyuma hayakufika kwenye maji, kwa kuwa chombo alikijaza nusu tu akiogopa kumwaga njiani na akasahau kuongeza. Mashina mawili. Kwenye sanduku lake la vifaa sasa kuna birika dogo la plastiki lenye maji, limefungwa kitambaa chekundu ili asilisahau, na mwaka uliofuata alikuwa wa pili.